Otomatiki mjini, mlimani na nyuma yake tela: wana Tanga tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Salaam wana Tanga, wa mjini, wa Muheza, wa Pangani, na ninyi mlioko mbali. Nimeendesha gari la klachi miaka kumi na tisa. Mwaka juzi goti la kushoto likakataa, nikanunua Prado ya zamani ya dizeli, otomatiki ya gia 4. Shughuli zangu ni za bahari, navuta boti ya faiba juu ya tela, mara Pangani, mara Mwambani, mara kwa fundi.

Sasa kuna familia ya wageni wamefikia kwa jirani yangu Raskazone. Waliingia kwa mpaka wa Horohoro wakivuta karavani, kile kinyumba cha magurudumu chenye vitanda na jiko ndani, na injini ya gari lao imekufa. Wameniomba niwafikishie karavani yao Lushoto. Nimekubali, lakini sijawahi kupanda Soni, ule mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, nikiwa na kitu nyuma. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo naomba kila mwenye lake aliweke hapa: otomatiki yako ikoje mjini, ikoje mlimani, ikoje ikivuta?

Naanza na langu.

Boti niliitoa Dar es Salaam. Nilipokata kona Segera nikajiona nimeshafika nyumbani, mkono wa gia uko D, ya kwenda mbele, mimi nasikiliza redio. Barabara ile mnaijua, hadi Muheza ni kilima, bonde, kilima. Gari likianza kupanda linarudi gia ya 3, likikaribia kileleni linaingia ya 4, halijatulia linarudi tena ya 3. Mshale wa mizunguko unapanda, unashuka, unapanda. Nilidhani ndivyo otomatiki zinavyofanya kazi. Karibu na Muheza taa ya joto la oili ya giaboksi ikawaka, na harufu ya kuungua ikaingia ndani, si ile ya breki. Nikasimama kwenye wauza machungwa.

Dereva mmoja wa lori alikuwa pale anamenyewa chungwa. Aliniwahi mkono wangu ukiwa kwenye ufunguo. "Usizime. Weka P, ya kuegesha, iache ingurume, oili izunguke ipite kwenye rejeta ipoe." Tukakaa karibu dakika ishirini. Ndipo akaniuliza kama nimewahi kukigusa kitufe cha O/D kilicho ubavuni mwa mkono wa gia. Sikuwahi. Akakibonyeza, taa ya O/D OFF ikawaka kwenye dashibodi, nikaja na gia ya 3 hadi Kange, hapa mjini Tanga. Injini ilinguruma zaidi kidogo, lakini mshale ulitulia na ile taa ya joto haikuwaka tena.

Baadaye nilitafuta sababu. Gia ya 4 ya giaboksi hizi, ndiyo hiyo O/D (overdrive) ambayo kitufe kile kinaizima, ni ya tambarare: shafti inayokwenda kwenye magurudumu inazunguka haraka kuliko injini yenyewe. Unapata wepesi na unaokoa mafuta, lakini nguvu ya kuvuta inapungua. Halafu kati ya injini na giaboksi hakuna klachi ya kukanyaga, kuna torki konvata. Ni kama feni mbili zimetazamana ndani ya oili, injini inazungusha moja, mkondo wa oili unaisukuma ya pili. Feni ya pili ikichelewa nyuma ya ya kwanza, tofauti hiyo yote inageuka joto. Ukiwa kwenye mwendo uliotulia, klachi ndogo iliyomo ndani inazifunga zote mbili zizunguke pamoja na joto linakoma. Gia ikirudi, mara nyingi kufuli hilo linafunguka. Sasa hesabuni wenyewe, Segera hadi Muheza limefunguka mara ngapi.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba giaboksi yangu haina macho. Inajua nimekanyaga mafuta kiasi gani na gari liko kasi gani, basi. Kilima kilicho mbele nakiona mimi, na tela nalijua mimi. Nisipoiambia, itabahatisha.

Karibuni.

Mwalimu wa Sahare

Shikamoo kaka. Mimi sivuti chochote, nina IST ya kwenda kazini na sokoni, lakini nina ya kusema.

Nilijifunzia gari la klachi na Ngamiani palinitoa machozi. Barabara zile za namba zinakatana kila baada ya nyumba chache, baiskeli zinatoka kulia na kushoto, unasimama, unaondoka, unasimama. Kwenye otomatiki, ukiachia breki gari linatambaa lenyewe polepole, na mimi kutambaa huko ndiko kulikonipa raha. Mguu wangu unabaki juu ya breki tu. Mguu wa kushoto niliambiwa niuweke pembeni kabisa usiguse kitu, maana mtu aliyezoea klachi akishtuka anaukandamiza wote, na chini yake iko breki. Abiria wanapiga vichwa mbele.

Makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza, kuegesha. Nilikuwa naweka P, naachia breki, gari linarudi nyuma kidogo kisha linagonga "ko!" ndipo lisimame. Nikazoea ule mlio. Kumbe kinacholishika gari kwenye P ni kijino kimoja cha chuma kinachoingia kwenye gia, na mimi nilikuwa nakitwisha uzito wote wa gari. Sasa nakanyaga breki, navuta hendbreki, naachia breki gari lilale kwenye hendbreki, kisha ndiyo P. Mlio umekwisha.

La pili lilikuwa kubwa. Binamu yangu alinifundisha kwamba kwenye mteremko weka N, gia huru, gari liteleze lenyewe, unaokoa mafuta. Siku moja tunarudi kutoka Amani, mimi na walimu wenzangu watatu, nikaweka N tangu juu. Kona zile, vumbi lile, nikawa sina kingine cha kunishika ila breki. Katikati ya mteremko pedali ikaanza kuwa laini, inazama. Nilivuta hendbreki taratibu, nikaegemeza gari kwenye kingo ya udongo. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Tulikaa chini ya mti hadi yakapoa, hakuna aliyesema neno. Tulimalizia kushuka na mkono wa gia ukiwa kwenye L na 2, zile gia za chini, na breki nilizigusa kwenye kona tu. Naliandika hili kwa sababu najua wapo wanaofundishwa N mpaka leo.

Fundi wa Mikanjuni

Mwalimu, pole sana, na asante kwa kulisema. Niongeze tu kwamba hiyo ya kuokoa mafuta haipo. Gari ya sindano za umeme ukiachia mafuta ikiwa kwenye gia na inashuka, kompyuta inafunga mafuta yote, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka N inabidi injini inywe mafuta ili isizime. Kwa hiyo ulikuwa unatumia zaidi na huna breki ya injini.

Mimi nafungua giaboksi, na zinazokuja mezani kwangu nyingi zimeuliwa na joto au zimeuliwa na oili. Oili ya otomatiki, hii tunayoiita haidroliki, ndiyo inayosukuma, ndiyo inayolainisha, ndiyo inayopoza. Joto lake la kazi ni kama nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikipita 120 inaanza kuharibika haraka. Ikiwa mpya ni nyekundu inayong'aa. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, pleti za klachi ndani zimeshaanza kuliwa.

Kupima watu wanakosea. Toyota nyingi za zamani zina stiki: gari iwe tambarare, injini ya moto, INAUNGURUMA, pitisha mkono P, R, N, D polepole ukiwa umekanyaga breki, rudisha P, ndiyo uchomoe stiki. Ukipima injini imezimwa utadhani imezidi. Magari mengi mapya stiki haipo kabisa, kuna kifuniko chini na joto lazima lipimwe na mashine. Hapo usijaribu nyumbani.

Na hapa niwe mkali kidogo. CVT si otomatiki ya kawaida. Ndani hakuna gia za 1, 2, 3, kuna puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda wa chuma kati yake. Mkanda unashika kwa sababu oili yake imetengenezwa ishike. Ukimwagia haidroliki ya kawaida, mkanda unateleza, puli inachorwa mistari. Alikuja dada mmoja na gari dogo la CVT, injini inapiga kelele gari haiendi. Alikuwa amemwagiwa oili nyekundu sehemu fulani akaambiwa "zote sawa". Hazikuwa sawa. Mkanda na puli vyote tukatupa. Soma kitabu cha gari, au maandishi kwenye stiki, nunua iliyoandikwa pale. Muuzaji akikwambia hii inaingia gari zote, ondoka.

Rejeta nayo. Kwenye gari nyingi bomba la kupoza oili ya giaboksi limo ndani ya rejeta ya maji. Sasa sisi wa pwani tunajaza maji ya kisima yenye chumvi mwaka mzima, kulanti, ile dawa ya rejeta, tunaona ni anasa. Lile bomba linaliwa kimyakimya. Siku likitoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi na oili inaingia kwenye maji. Unafungua rejeta unakuta kitu cha rangi ya waridi, kizito kama mtindi uliotiwa rozela. Ukiona hivyo usiendeshe hata kwenda gereji, maana gundi ya pleti za klachi haivumilii maji. Gari ilifika kwangu imeendeshwa siku tatu hivyo. Kulanti ya lita chache ingeiokoa.

Mama Maziwa, Muheza

Fundi umenikumbusha msiba wangu. Pikapu yangu ya maziwa, otomatiki, ilizima Hale, pampu ya mafuta. Kijana akaja na kamba, tukaweka N tukavutwa hadi Tanga. Pampu ilikuwa shida ndogo, ilipona siku hiyo hiyo. Lakini gari lilipowashwa, D ikawa inasita, na baada ya wiki haikwenda kabisa. Nilikuwa sijui kwamba injini ikizimwa pampu ya oili ya giaboksi nayo imelala, na magurudumu yanazungusha vyuma vikavu njia nzima. Siku hizi likizima naita lori la kubeba. Likiwa halipo, magurudumu yanayosukuma yanyanyuliwe yasiguse lami. Ni gharama, lakini nimeshalipa ile nyingine.

Kijana wa Kisosora

Wakubwa zangu shikamooni. Betri ikiisha, otomatiki inasukumwa ikawaka kama ya klachi?

Fundi wa Mikanjuni

Marahaba. Hapana mwanangu, sababu ni hiyo hiyo aliyoitaja mama. Bila injini hakuna shinikizo la oili, bila shinikizo klachi za ndani hazishiki, magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Weka waya za betri kwenye buti.

Mtanga wa Ughaibuni

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Chumbageni, niko Uingereza mwaka wa kumi na moja. Huku karavani ni kitu cha kila siku, likizo zikifika barabara zimejaa. Ninavuta ya kwangu kila kiangazi, kwa hiyo mwenye uzi nisikilize kidogo kuhusu karavani yenyewe, maana haifanani na boti.

Boti ni nyembamba, inakata upepo. Karavani ni ukuta. Hata kwenye tambarare, ukifika kilomita 80 kwa saa, gari linasukuma upepo kwa nguvu, na giaboksi inaona kama inapanda mlima. Kwa hiyo usishangae ikarudi gia mahali ambapo hakuna kilima. Huku sheria yenyewe inatupunguzia mwendo tukivuta: maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu zilizogawanywa katikati, maili 50 kwenye barabara ya kawaida isiyogawanywa, ambayo ni kama kilomita 80. Kwa barabara ya Segera ningekwenda chini ya hapo.

Uzito: vyama vya wenye karavani huku vinamshauri mgeni wa kazi hii asivute karavani inayozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake. Prado kwa hilo ina nafasi nzuri. Lakini mzigo ndani ya karavani upangwe, vizito viwe chini karibu na ekseli, na pua yake ilalie kwenye ndoano ya gari kwa uzito wa asilimia 5 hadi 7 hivi ya uzito wa karavani yote. Ikiwa nyepesi mno mbele itaanza kuyumba kama mkia, na hapo hata giaboksi ya dhahabu haikusaidii. Waambie wageni watoe maji kwenye matangi kabla ya mlima.

Kuhusu giaboksi, gari langu la kwanza la kuvuta karavani lilikuwa na otomatiki ya aina ya klachi mbili. Lile linabadilisha gia haraka sana, barabarani linapendeza mno. Shida ilikuja kambini. Nafasi yetu ilikuwa juu ya kimlima, nikawa narudisha karavani nyuma kwa inchi, narudi, nasimama, narudi. Aina ile haina torki konvata, kwa hiyo kutambaa kwake ni klachi kusuguana. Dakika kumi tu, onyo la joto likawaka na gari likagoma kusogea hadi lipoe. Mke wangu na watoto wamesimama mvuani. Gari la sasa ni la torki konvata, gia 8, lina kitufe cha kuvuta tela ambacho kinachelewesha kupandisha gia. Kwa kurudi nyuma polepole na mzigo halina mfano, maana konvata likiwa gari linaanza kuondoka linazidisha nguvu ya injini karibu mara mbili. Prado yako inalo hilo. Usiionee haya kwa uzee wake.

Dereva wa Watalii

Mzee wangu, Mombo kwenda Lushoto nimepanda mara nyingi nikiwa na tela la mizigo ya kambi. Ni kama kilomita 33, unatoka joto la Mombo unafika karibu mita 1,400. Lami ni nzuri ila nyembamba, kona zimefuatana, upande mmoja mwamba, upande mmoja bonde. Nakupa nilivyofanya.

Ondoka alfajiri. Mombo saa sita mchana hewa yenyewe ni moto, rejeta itapoza na nini? Ukiacha barabara kuu, kabla hata mlima haujaanza, zima O/D. Kwenye zile kona kali shusha hadi 2 KABLA ya kona, usisubiri gari lihangaike ndipo lishuke lenyewe katikati ya kona na tela limelala upande. Ukikutana na basi dogo linashuka, mpishe mapema mahali papana. Na ukisimamishwa kwenye kilima, usilishike gari kwa mafuta. Naona madereva wengi wanafanya hivyo, gari limesimama, mguu unakanyaga kidogo lisirudi. Hapo feni moja inazunguka na ya pili imesimama, joto lote linabaki kwenye oili. Vuta hendbreki.

Kushuka ni muhimu kuliko kupanda, mwalimu ameshasema. Anza na 2 tangu juu, si baada ya breki kunuka.

Kitu kimoja sijaona kimetajwa: breki za karavani zenyewe. Zikaguliwe. Nyingi hujikanyaga zenyewe pale karavani inapoisukuma ndoano ya gari, na ikikaa uwanjani muda mrefu kwenye hewa ya chumvi hiyo ya Raskazone zinashika kutu. Breki ya karavani iliyong'ang'ania itakufanya uilaumu giaboksi bure.

Mwanzisha uzi

Nimesoma yote mara mbili, na nimefanya. Fundi, nilibadilisha oili na kichujio. Ya zamani ilikuwa kahawia tupu, kumbukumbu ya Segera. Nikaweka pia kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta, na maji ya kisima nimeyatoa yote, kulanti imeingia. Dereva, gurudumu la kushoto la karavani lilikuwa limeng'ang'ania kweli, lilipigwa msasa na kupakwa grisi. Ndugu wa Ughaibuni, maji ya matangi yalimwagiwa minazi ya jirani, na makopo ya chakula tukayahamisha kutoka nyuma tukayaweka juu ya ekseli.

Tuliondoka Raskazone saa kumi alfajiri. Hadi Segera nilikwenda kilomita 60, 65, O/D imezimwa kwenye vilima vyote. Pale kwenye machungwa ya Muheza nilipita taa haijawaka. Mombo tulifika kumeshapambazuka, tukanywa chai, nikaweka mkono chini karibu na mabomba ya oili: moto, lakini si wa kutisha.

Mlima niliuanza na gia ya 3. Kona ya tatu nikachelewa kushusha, gari likashuka lenyewe katikati na karavani ikavuta mkia kuelekea bondeni, kidogo tu, lakini nilihisi kwenye usukani. Kuanzia hapo kila kona nilishusha mapema. Mara mbili niliegesha kupisha mabasi, hendbreki juu. Ukiwa kwenye 2, injini inaimba mwimbo mmoja tangu chini hadi juu, na mshale umetulia kama umechorwa. Soni tulisimama kwenye maporomoko, P, injini ikaachwa iungurume, watoto wa wageni wakaenda kutazama maji.

Saa tatu kasorobo tulikuwa Lushoto, baridi, ukungu bado uko kwenye miti. Nilichomoa stiki injini ikiwa inaunguruma, mwenye karavani akachungulia na mimi. Nyekundu.

Nashuka keshokutwa bila karavani. Dereva, naomba unijibu kabla ya hapo: gari likiwa tupu bado unashuka na 2 tangu juu, au 3 inatosha hadi Soni?

Dereva wa Watalii

3 hadi Soni inatosha ukiwa mtupu. Soni kushuka Mombo weka 2.